Kopo la Dokta Yoeli

Ngongongare, Meru
Jumatano, 5 Juni 2024

Kwa mpwa wangu Brayson,

Salamu nyingi kutoka huku juu ambako hewa ni safi na watu wana akili. Mimi mjomba wako ni mzima mpaka nashangaa mwenyewe. Wiki iliyopita nimewapikia wapanda mlima wa Kijerumani pale kambini Saddle Hut, mama mmoja akaonja supu yangu ya maboga akafumba macho. Nikamuuliza kwa lugha yao kama ni nzuri, "Gut?" Akanijibu maneno marefu, nami nikamjibu marefu vilevile, tukaelewana kabisa. Unajua mimi shule niliishia darasa la sita, lakini lugha za dunia nimezipatia jikoni. Sijui kama kuna taifa lililobaki ambalo halijashiba mikononi mwangu.

Mama yako ameniambia uko kwenye hiyo nyumba ya Njiro ya kuacha unga, na kwamba simu mmenyang'anywa ila barua zinaruhusiwa, na yeye ndiye atakayezibeba akija kukuona Jumapili. Basi nimekaa naandika kama mtu wa zamani. Hata kalamu imeshangaa.

Brayson, sikulaumu. Nililia, nakwambia ukweli, ila nililia nikikata vitunguu ili wasijue. Kijana aliyebeba vyombo vyangu vya jiko misimu miwili hapa mlimani bila kudondosha hata kijiko, leo naambiwa ameokotwa mtaroni Daraja Mbili na sindano mkononi. Nilimwambia dada yangu arudie, nikidhani anamsema mtoto wa mtu mwingine. Ni mji huo. Ni wale rafiki zako wa Kijenge wenye suruali za kuning'inia. Ungebaki huku na mimi nani angekugusa? Huku tuna nyati tu, na nyati hauzi unga.

Wewe ni shahidi ninavyowatunza vijana wangu. Wageni wakishuka wanaacha soksi, tochi, mabuti, na wenzangu wanagombania mabuti. Mimi nachukua dawa zao zilizobaki. Tukifika kambini natikisa kopo langu kuukuu la maziwa, kacha kacha kacha, na wapagazi wanapanga foleni viganja juu. Mwenye goti, mwenye kichwa, mwenye mgongo. Vyeupe ni vya kichwa, vya rangi mbili ni vya mgongo na magoti. Wananiita Dokta Yoeli, na cheo sijawahi kukikataa.

Nafasi yako nimempa Lesian, mtoto wa marehemu Lerionka wa Ngaramtoni, yule niliyekuwa napanda naye enzi zetu. Kijana ana nguvu ila ndevu bado hazijaamua, na mgongo unamsumbua. Nampa vile vya rangi mbili, anapanda kama digidigi.

Pona haraka. Ukitoka nakupandisha Meru mwenyewe, huo unga utautoa wote kwa jasho kabla ya kibanda cha kwanza.

Mjomba wako akupendaye,
Yoeli (Dokta)


Njiro, Arusha
Jumapili, 9 Juni 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika. Mama amenisomea kwa sauti hapa kwenye benchi kwa sababu mikono yangu bado inatetemeka. Pale pa nyati alicheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Hata hii amekaa hapa ubavuni anaisubiri, anataka aone kama mwandiko wangu umerudi.

Naendelea vizuri. Arosto ile ya kwanza imepita, ile ya kuhisi mifupa inachomolewa mmoja mmoja. Tunaamka, tunafua, tunalima bustani, kisha tunakaa duara na kila mtu anasema lake. Dada Jackline anayetusimamia alishawahi kutumia yeye mwenyewe, kwa hiyo humdanganyi.

Mjomba, nina ombi. Vile vidonge vya rangi mbili usimpe Lesian. Vinaharibu tumbo. Vinaweza kumletea vidonda. Mpunguzie mzigo, au mpeleke hospitali wauangalie huo mgongo. Wala usimpe mtu mwingine. Ni mambo ya tumbo tu, lakini naomba unisikilize, Mjomba. Nakuomba sana.

Mama anakusalimia, anasema ukishuka mjini upitie kwake ule mtori.

Mpwa wako,
Brayson


Ngongongare, Meru
Jumatano, 19 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mbele ya wapagazi wote ili wajue nina ndugu anayeandika vizuri.

Ushauri wako wa tumbo nimeufanyia kazi siku ileile. Mimi si mtu wa kudharau neno la aliyefika sekondari. Nikawaza, dawa kali ikikuta tumbo tupu, hiyo ndiyo shida yenyewe. Kwa hiyo sasa Lesian hamezi kitu kabla hajamaliza bakuli la loshoro, mahindi ndani ya maziwa mgando mazito kama ya kwao. Tumbo limetulia kabisa. Na kwa kuwa sasa tumbo lina godoro, nimeweza kumwongezea. Viwili asubuhi, viwili jioni, na kama njia ni ya mawe namwongezea kimoja cha katikati. Umeniokolea kijana.

Ungemwona. Hasikii baridi, hachoki, hagombani na mtu. Anafika kambini kabla ya moshi wangu. Wenzake wanasema amerithi miguu ya baba yake, mimi nacheka moyoni kwa sababu najua miguu ile nimeitengeneza mimi.

Kuna vitu vidogo vidogo. Anajikuna pua siku nzima. Analala popote, juzi alisinzia amesimama kwenye foleni ya chai na kikombe hakikumwagika. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za mchicha, nadhani ni jua la kule juu, nimempa kofia. Halafu amenizoea mno. Nikiligusa tu kopo, hata kama yuko mbali anachota maji, shingo inageuka. Kijana ananipenda kweli yule, kama ulivyokuwa wewe.

Jumatatu tunapanda na kundi kubwa la Waholanzi. Mpagazi mmoja ni mgonjwa, na Lesian ameomba abebe mzigo wake na wa mwenzake. Nimemwekea vya kutosha mfukoni, asiwe anasubiri mpaka nitikise.

Mwambie mama yako mtori uandaliwe, nakuja na njaa ya kimataifa.

Yoeli


Njiro, Arusha
Jumatatu, 24 Juni 2024, asubuhi

Mjomba,

Hii Mama hajaisoma. Barua yako alinisomea jana, na alipofika pale pa godoro la tumbo nilitaka kumnyang'anya karatasi. Yeye alikuwa anacheka. Alipoondoka tu nikamweleza Dada Jackline, naye akaanza kukupigia simu, hupatikani. Sasa anapanda bodaboda aje mpaka kwako na barua hii.

Nilikudanganya kuhusu tumbo. Mama alikuwa amekaa ubavuni kwangu anasoma kila neno, na wewe ndiye kaka pekee aliyebaki naye. Sikutaka ajue. Sasa naona uongo wangu umemwongezea Lesian vidonge.

Si mji, Mjomba. Si Kijenge. Ni kopo lako.

Unakumbuka siku ile tunashuka kutoka kambi ya Miriakamba, goti langu limevimba kama kichwa cha mtoto? Ulinipa kimoja cha rangi mbili ukanifunika na koti lako. Sijawahi kukwambia nilichokisikia siku ile. Halikupona goti tu. Kila kitu kilipona. Kifo cha baba, mtihani niliofeli, aibu ya kurudi nyumbani bila kitu, vyote vikaondoka nikawa nashuka nacheka peke yangu. Nilijua palepale kwamba nitakitaka tena. Msimu wa pili sikuwa naumwa, Mjomba. Nilikuwa natafuta kuumwa ili unitikisie. Nikirudi mjini nikawa navipata kwa watu wanaouza bila cheti cha daktari. Vikafika mahali havinitoshi. Hapo mtu wa Daraja Mbili akaniambia kipo kinachofanya kazi ileile ila kwa nguvu zaidi. Unga ulikuja hivyo. Vile vidonge vyako na unga ni ukoo mmoja.

Kujikuna, kusinzia wima, mboni kama mbegu, hilo si jua. Huyo anazama. Vikizidi mwili unasahau kupumua. Anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi, anaondoka hivyohivyo huku watu wanadhani amechoka. Ukimkuta hivyo usimwache alale, mshusheni haraka, na daktari umwambie ukweli wa alichomeza. Na usimwachishe peke yako kwa kumfungia ndani, anahitaji watu wanaojua.

Samahani kwa kukuambia hivi, wewe ni mkubwa wangu. Najua ulinipa kwa upendo. Ndiyo maana nimechelewa kusema.

Brayson


Ngongongare, Meru
Ijumaa, 28 Juni 2024

Brayson,

Lesian yuko hai. Nimelitanguliza hilo ili uvute pumzi.

Barua yako nimeikuta chini ya mlango. Huyo dada aliifikisha Jumatatu mchana, sisi tulikuwa tumeshaingia msituni tangu asubuhi. Nimeisoma nimesimama, viatu vina matope ya mlimani. Kisha nikaisoma nimekaa. Mwandiko wako umerudi kweli, mwambie mama yako. Hapana, usimwambie kitu.

Jumanne Lesian alifika Saddle Hut wa kwanza, mizigo miwili mgongoni. Sisi tulimkuta ameketi juu ya jiwe, mzigo hajautua, kidevu kiko kifuani. Waholanzi wakampiga picha. Mimi nikapita na sufuria zangu nikasema mwacheni mtoto apumzike. Nikamenya viazi, Brayson. Nilimenya viazi vya watu wote, nikavikata, nikavibandika, na yeye yuko pale kwenye jiwe.

Halafu nikatikisa kopo ili aamke. Hakugeuka.

Nikatikisa tena kwa nguvu, wengine wote wakaja na viganja vyao, yeye hakugeuka. Nilipomshika midomo ilikuwa ya kijivu. Alikuwa anavuta pumzi moja, kisha kimya mpaka unasema basi, kisha nyingine. Askari wa hifadhi akampa mwenzake bunduki, akamshika Lesian miguu. Tulimshusha kwa machela, mimi nimo pembeni nampiga makofi na kumtukana kwa lugha zote ninazozijua ili asilale. Nyati walikuwa njiani, wakatupisha. Nadhani hata wao waliona aibu.

Hospitalini daktari, binti mdogo, akauliza kijana amemeza nini. Na mimi mjomba wako nikatabasamu. Nikatoa kopo nikamtikisia. Nilidhani atanisifu kwa kutembea na huduma ya kwanza. Walipokwisha kumchoma sindano na macho yakafumbuka, yule daktari akarudi akalimwaga kopo mezani akaanza kutenga kwa ncha ya kalamu. Hiki ni cha presha. Hiki cha usingizi. Hivi vyeupe ni vya kuzuia mimba. Brayson, vile vyeupe nimewapa wanaume wenye ndevu msimu mzima, na kila mmoja aliniambia kichwa kimepona.

Akafika kwenye vya rangi mbili, akaacha kalamu. Akauliza, "Hivi umempa nani?" Nikasema wote. Akasema, "Wote nani?" Nikaanza kutaja majina, na katikati ya majina nikajisikia nataja jina lako. Nilikuwa bado sijaisoma barua yako. Ulimi ulilitaja wenyewe.

Hakunifokea. Angenifokea ningejua la kumjibu.

Leo nimekaa kitandani kwa Lesian. Akanivuta nisogeze sikio, nikadhani anataka kunishukuru. Akasema, "Dokta, kimoja tu. Cha mgongo."

Usiniite tena hilo jina.

Yoeli


Njiro, Arusha
Jumapili, 30 Juni 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ameniletea Dada Jackline, na hii nayo anaileta yeye. Vidonge vilivyobaki usivitupe chooni wala jalalani, mimi nimeshawahi kufukua jalala kwa mikono. Vikabidhi hospitali mwenyewe. Wapagazi wengine uliowapa, wataje wote, na uende nao wakaonwe.

Lesian akitoka, mlete hapa. Kitanda kando yangu kimetandikwa.

Mama bado hajui. Leo ameuliza kwa nini barua yako haijaja. Mweleze wewe, Mjomba, uso kwa uso. Naomba nisiwe mimi.

Brayson


Ngongongare, Meru
Jumamosi, 17 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Bahasha hii nimeifunga kwa gundi ya kubandikia soli za mabuti, dada yangu hata akitumia meno hafungui.

Lesian nilimfikisha mpaka getini kwenu mwezi uliopita, ila kuingia ndani nikashindwa. Nilimwambia dereva ana haraka. Dereva alikuwa anakula mahindi ya kuchoma, hana haraka yoyote.

Vidonge nimevikabidhi. Wapagazi nimewapeleka hospitali, wawili wamebaki kule wanatibiwa, na mmoja wao alinitukana njia nzima, nikamwacha amalize. Juzi mgeni mmoja ameninyooshea mfuko wake wa dawa pale geti la Momella, nikaficha mikono nyuma. Akashangaa, akanipa soksi. Nikakataa hata soksi.

Kwa mama yako nimekwenda. Nimekwenda tena. Kila nikifika ananitengea mtori na kuniambia, "Kaka, ndugu wote walimtupa mwanangu, wewe ndiye uliyemwandikia." Basi najaza mdomo chakula. Mimi niliyeongea na mataifa yote nakaa pale natafuna, narudi nyumbani nimeshiba na sijasema.

Kwa hiyo nimefikiria njia nyingine. Kopo nimelisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka linang'aa. Nimelijaza nusu kahawa ya shambani kwangu, nimeichuma na kuikaanga mwenyewe, punje zimetoka nyeusi na zina mafuta vizuri. Nimempa mama yako akuletee kesho. Wewe na Lesian mkiliona mtaelewa ninachotaka kusema, kwamba kopo sasa ni safi, na mimi pia najitahidi.

Yoeli


Njiro, Arusha
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mjomba,

Kahawa imefika.

Tulikuwa kwenye duara, na Lesian alikuwa anazungumza. Tangu aje ilikuwa mara yake ya kwanza kusema zaidi ya jina lake. Alikuwa anasimulia habari za baba yake, jinsi alivyokuwa akirudi kutoka mlimani na kumpa aonje theluji ndani ya chupa, na ile theluji imeshakuwa maji ya kawaida tu. Watu wanamsikiliza. Mama akaingia getini, mkoba begani. Kopo likalia ndani ya mkoba.

Nilikuwa nimeshasimama, Mjomba. Sijui nani alinisimamisha. Mate yalinijaa mdomoni, na goti, lile goti lililopona zamani, likaanza kuniuma palepale kana kwamba limeitwa. Nikageuka kumtazama Lesian. Naye amesimama, macho kwenye mkoba, mkono umenyooka mbele, kiganja juu. Wawili tu. Wengine wote wamekaa wanatushangaa.

Mama alidhani tumefurahi kumwona. Alicheka akafungua mikono. Kila hatua aliyopiga kopo likalia, na Lesian akasogea hatua moja. Ndipo Mama akaacha kucheka. Akakiangalia kiganja cha Lesian, akaniangalia mimi, akatoa kopo mkobani akalitazama.

Kumbe analijua. Ni kopo la maziwa niliyonyweshwa mimi nikiwa mchanga, alipougua akakosa ya kwake. Anasema yalipokwisha ulimwomba kopo tupu la kuwekea chumvi ya mlimani.

Akaniuliza, "Brayson, humu kulikuwa na nini?"

Nilikuwa nimekuomba umweleze wewe. Nikamtazama Dada Jackline, akatikisa kichwa, maana yake hapa humdanganyi mtu. Nikamwambia. Nilipokwama Lesian akamalizia, akasema mpaka habari ya viazi, kwa sababu uliisimulia mwenyewe kitandani kwake ukidhani amelala.

Hakulia. Alikwenda jikoni akamimina kahawa yote kwenye sufuria, taratibu, mpaka kopo likanyamaza. Tuliitwanga, tukainywa watu wote wa nyumba hii. Ni nzuri sana. Hiyo sifa nakupa, haki yako. Lesian amekunywa vikombe viwili na mkono wake ulitulia.

Mama hakuniambia amekukasirikia, wala hakuniambia amekusamehe. Aliuliza tu kama Jumatatu huwa uko nyumbani. Kopo anaondoka nalo, na barua hii pia. Amekataa kuisoma. Amesema atakupa mkononi uisome mbele yake mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukifika mstari huu, amesimama mbele yako. Usitafute kichekesho, Mjomba. Weka karatasi chini umtazame.

Brayson